Gumba Linalouma na Sindano za Kufufua Viungo

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo, na mawe hayo, kwa sehemu kubwa, hayakugeuzwa kuwa kokoto, misingi na kuta kwa mitambo, bali kwa nyundo zilizoshikwa na mikono ya watu, tangu mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 uliofunika katikati ya mji mpaka ule wa tarehe 22 Mei 2021 ambao moto wake ulisimama kwenye viunga vyake. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayoongoza chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, linapoteremka kutoka pande za Kibumba na Rutshuru likiwa limeelemewa na viazi, kabichi na makaa. Ndiyo inayotwanga sombe, inayokamua nguo kando ya Ziwa Kivu, na inayoshika mkasi kutwa katika vibanda vya washonaji wa Birere. Sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu imesimamishwa katika mojawapo ya mizunguko mikuu ya barabara za mji, iwe heshima kwa chombo na kwa mwendeshaji wake. Heshima hiyo ni stahili, lakini haimpunguzii mtu maumivu ya shina la gumba anapokamata usukani alfajiri.

Maumivu hayo ndiyo maudhui ya maandishi haya. Katika vitabu vya matabibu ni yabisi ya shina la gumba, maradhi ya kuchakaa kwa kiungo kidogo kilicho baina ya mfupa wa gumba na kimojawapo cha vijifupa vya kifundo cha mkono, nayo huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi. Dalili zake ni nyepesi kusimulia na nzito kuchukua: kufungua kifuniko cha chupa ni adhabu, kugeuza ufunguo mlangoni ni adhabu, kumenya muhogo ni adhabu, na mama aliyezoea kukamua shuka kwa nguvu zake mwenyewe hana budi kumwita mtoto wa jirani amsaidie. Hayaui wala hayapoozeshi; na kwa kuwa hayaui, katika mji ulioonja vita, kipindupindu na Ebola, mgonjwa wake huona haya hata kuyataja mbele ya daktari, asije akaambiwa kwamba wako wenye shida kuliko yeye.

Katika miaka ya karibuni imeenea habari, kwa simu za mkononi na kwa vinywa vya jamaa waliorejea kutoka Kampala, Nairobi, India na Ulaya, kwamba ziko sindano zisizotuliza maumivu tu kama dawa za zamani, bali hufufua kiungo kilichochakaa, zikakirudishia ule ulaini kilichoupoteza. Nyingine hutengenezwa kwa sukari, nyingine kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, nyingine kwa mafuta au uboho wake. Je, zinafufua kweli? Zisipofufua, zinatuliza? Na zikituliza, ni kwa gharama anayoimudu mtu wa mitaa ya Majengo au Katoyi? Jawabu langu nalitoa mapema, kisha nitatafuta ithibati yake mbele ya msomaji: hakuna hata moja kati ya sindano hizo iliyoonyesha kwa ushahidi madhubuti kwamba huotesha upya kilicholika katika gumba, baadhi yao hutuliza maumivu kwa kiasi, na bei zao hufuata ukubwa wa mashine na utamu wa ahadi, hazifuati nguvu ya ushahidi.

Kwanza tukitazame kiungo chenyewe, maana asiyekijua hawezi kupima ahadi anayopewa. Mifupa miwili inayokutana pale imechongwa mithili ya matandiko mawili ya farasi yaliyolaliana kwa kupishana, na kwa umbo hilo gumba limepewa uhuru ambao kidole kingine hakina, wa kwenda mbele, nyuma, kando, na kukabili vidole vinne vilivyobaki. Uhuru huo una kodi yake. Matandiko hayo hayakushikana sana kwa mifupa, yameshikwa na kano. Kano zikilegea, kwa umri, kwa maumbile, au kwa kazi, mifupa huanza kuteleza mahali isipopaswa, na gegedu, ule utando mweupe na laini unaofunika ncha za mifupa, husuguliwa hadi ukaisha. Cooney na Chao walipokokotoa nguvu hizo mwaka 1977 walipata kwamba kilo moja ya kubana kwa ncha za kidole na gumba huwa takriban kilo 12 katika shina la gumba. Ajabu kwangu ni kwamba kiungo hiki hudumu kama kinavyodumu, tena katika mkono wa mtu anayevunja mawe.

Gegedu halina mishipa ya damu, na kitu kisichofikiwa na damu hakina njia ya upesi ya kujiponya. William Hunter, tabibu wa Kiskoti aliyefundisha London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi, na katika karne karibu tatu zilizopita tangu hapo hajatokea mtu aliyeibatilisha kauli hiyo kwa kiungo kilichochakaa kwa uzee na kazi. Kwa hiyo anayekuja na kichupa akadai kwamba anaweza kufanya lisilofanyika tangu zama za Hunter, wajibu wa kutoa ithibati ni juu yake, si juu ya mgonjwa anayesita.

Kuna tena jambo linalosahauliwa katika wepesi wa kutoboa. Si kila maumivu ya shina la gumba ni ya kuchakaa kwa kiungo. Karibu sana na hapo hupita kano mbili ndani ya ala yao, na ala hiyo ikivimba mgonjwa huumia pale pale, isipokuwa ni juu kidogo, upande wa kifundo. Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi, aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1895, na mama mwenye mtoto mchanga anayemwinua mara kwa mara huyafahamu bila ya kuyajua jina. Kuna pia mfupa uliovunjika kwa kuanguka na chukudu ukaachwa bila gango, kuna jongo, na kuna ile yabisi ya mwili mzima inayoshambulia viungo vingi kwa pamoja na kudai dawa za namna nyingine kabisa. Daktari mwenye subira hulishika gumba, akalikandamiza kidogo kulielekea shina lake na kulizungusha, akasikiliza kama mifupa inasaga. Kisha, pakihitajika, hutaka picha ya radio. Na picha nayo ina hila yake, maana wako vikongwe ambao picha zao zinatisha na mikono yao haiumi, na wako wenye picha nzuri wanaolia usiku. Basi anayechomwa sindano kwa sababu ya picha peke yake ametibiwa picha.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu sindano yenyewe, kwa sababu katika Kongo sindano haikuwa chombo cha tiba tu, imekuwa alama ya tiba. Vikosi vya afya vya utawala wa Kibelgiji vilizunguka vijijini kuwachoma watu dhidi ya malale na buba, na buba, iliyokuwa ikila ngozi na mifupa, ilitoweka mbele ya macho ya watu kwa sindano chache. Haikuwa ajabu, basi, mgonjwa akitoka kwa mganga wa kizungu na vidonge vitupu alijiona hakutibiwa. Imani hiyo ingali hai. Lakini nchi hii hii ndiyo iliyolipa bei kubwa ya sindano chafu: mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, wauguzi walipewa asubuhi sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima, zikisuuzwa kwa maji ya vuguvugu baina ya mgonjwa na mgonjwa, na maradhi ambayo ulimwengu ulikuja kuyaita Ebola yakapita kwa njia hiyo, watu 318 waliugua, 280 wakafa. Nimeyataja haya si kwa kutisha. Nimeyataja kwa kuwa kila sindano ya hiari, inayotolewa kwa maumivu yasiyoua, lazima ipimwe kwanza kwa usafi wake, na baadaye kwa uwezo wake.

Mama wa sindano zote za viungo ni kotisoni. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa dawa hiyo mwanamke aliyelemazwa na yabisi ya mwili mzima, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, na mwaka uliofuata Joseph Hollander wa Philadelphia akaeneza habari ya kuichoma dawa ya jamii hiyo ndani ya kiungo chenyewe. Tangu hapo imekuwa ndiyo sindano ya kwanza inayomjia daktari akilini, na kwa ile ala ya kano aliyoieleza de Quervain inafanya kazi nzuri sana. Kwa kiungo cha gumba kilichochakaa, habari ni nyingine. Katika jaribio la Ireland ya Kaskazini lililochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 40 waligawanywa, nusu wakachomwa dawa hiyo na nusu maji ya chumvi, na baada ya majuma 24 haikuonekana tofauti baina yao. Huleta nafuu ya majuma kadhaa, wala sikatai kwamba majuma kadhaa ni neema kwa mtu aliyekosa usingizi. Ila ikirudiwa rudiwa ina madhara, kwani jaribio la goti lililotolewa mwaka 2017, ambamo watu 140 walichomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, lilionyesha kwamba waliopata dawa walipoteza gegedu zaidi kuliko waliopata maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa pungufu. Fauka ya hayo hupandisha sukari kwa mwenye kisukari, na huficha usaha pale penye kifua kikuu au uambukizo mwingine uliojificha. Katika mji ambamo vidonge vya jamii hiyo, kama deksamethasoni, hununuliwa katika maduka ya dawa bila ya karatasi ya daktari, si haba kumkuta mgonjwa ambaye mwili wake umeshashiba dawa hiyo kabla hata hajafika kwa mtaalamu.

Sasa tuje kwenye sindano ya sukari, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye mengi ya kutufunza, ingawa ndiyo isiyo na mtangazaji. Asili yake ni George Hackett, daktari wa upasuaji wa Ohio, Marekani, aliyeandika kitabu chake mwaka 1956 akidai kwamba maumivu mengi ya viungo hutokana na kano zilizolegea, na kwamba kano hizo zikichomwa kitu cha kuziudhi kidogo, mwili utapeleka pale damu na matengenezo, nazo zitakaza. Waliomfuata waliacha dawa kali alizozitumia wakashika glukozi nzito, ambayo ni salama na rahisi. Hoja ya Hackett ina mantiki katika gumba kuliko katika viungo vingine vingi, kwa sababu, kama tulivyoona, maradhi ya gumba mara nyingi huanzia katika kulegea kwa kano. Lakini mantiki si ithibati. Vitabu vya tiba vimejaa makaburi ya hoja zilizokuwa na mantiki. Ithibati tulizonazo ni chache na ndogo. Mwaka 2000 Reeves na Hassanein waliwapima watu 27 wenye yabisi ya vidole na magumba, wengine wakapewa glukozi pamoja na dawa ya ganzi na wengine dawa ya ganzi tupu, na baada ya miezi sita waliopewa glukozi walikuwa na maumivu machache kuliko wenzao walipoitumia mikono yao. Mwaka 2014 Jahangiri na wenzake, nchini Iran, walichukua wagonjwa 60 wa shina la gumba hasa, wakawalinganisha waliochomwa glukozi mara tatu, mwezi kwa mwezi, na waliochomwa kotisoni: mwanzoni kotisoni ilitangulia, ila kufikia mwezi wa sita waliochomwa glukozi walikuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi wa kazi.

Msomaji wa Goma na atazame hapa kwa makini. Glukozi ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika serumu inayoning'inizwa juu ya kitanda cha kila mgonjwa wa malaria asiyeweza kula. Hupatikana katika vituo vya afya vya mitaani, na ASRAMES, ghala la dawa za lazima lililoanzishwa hapa mwaka 1993, imekuwa ikisambaza bidhaa za namna hiyo katika Kivu ya Kaskazini kwa miaka mingi. Ile nzito huyeyushwa na dawa ya ganzi kwa kipimo, na kiasi kinachoingia katika kiungo cha gumba hakifiki hata kijiko cha chai. Gharama yake, ukiondoa ujira wa daktari, ni ndogo kuliko nauli ya kumpeleka mgonjwa Kigali. Hakuna kampuni itakayotajirika kwa glukozi, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya majaribio yake kubaki madogo: hakuna anayelipia uchunguzi wa kitu ambacho kila mtu anaweza kukiuza. Nisieleweke vibaya, sisemi mtu amwendee muuguzi wa jirani akamwambia amdunge serumu kidoleni. Kiungo hicho ni chembamba mno, na hata madaktari wazoefu, wasipotumia mashine ya kuona ndani, hukosa shabaha mara nyingi kuliko wanavyokiri. Na sindano iliyoingia na vijidudu ndani ya kiungo inaweza kumharibia mtu mkono kwa siku chache, kazi ambayo uchakavu ungeifanya kwa miaka mingi.

Sindano ya damu ina sifa nyingine na jamaa wengine. Huchukuliwa damu ya mgonjwa mwenyewe, ikazungushwa katika mashine hata seli nyekundu zikashuka chini na utegili ukabaki juu ukiwa umejaa chembe bapa, zile chembe ndogo zinazogandisha damu jerahani na kumwaga viini vya kuotesha nyama. Kisha utegili huo hurudishwa katika kiungo chenye maumivu. Wanamichezo ndio walioieneza fahari ya tiba za damu ya mtu mwenyewe: mwaka 2011 Kobe Bryant, ambaye jezi yake ilivaliwa hata na vijana wa Goma, alisafiri mpaka Düsseldorf, Ujerumani, kutibiwa goti kwa tiba iliyo ndugu ya hii, na tangu hapo hakuna kliniki ya mji mkubwa isiyotaka kuwa nayo. Kwa gumba, watafiti wa Ugiriki walichapisha mwaka 2021 jaribio la watu 33 wakiulinganisha utegili huo na kotisoni, na baada ya miezi 12 walioupata walikuwa na hali bora kuliko wenzao. Habari njema, lakini watu 33 ni wachache kuliko abiria wa basi moja. Mwaka ule ule, huko Australia, lilitolewa jaribio kubwa la goti lenye watu 288, nusu wakipewa utegili na nusu maji ya chumvi, wala mgonjwa wala mchomaji asijue kilichomo. Baada ya mwaka mmoja haikupatikana tofauti ya maana, si katika maumivu, si katika ujazo wa gegedu uliopimwa kwa picha. Goti si gumba, nakubali. Lakini jaribio kubwa lililofungwa vizuri likisema hapana, majaribio madogo yaliyosema ndiyo hayawezi tena kutembea kifua mbele.

Kuna kasoro nyingine inayonisumbua zaidi. Hakuna kipimo kimoja cha kutengeneza utegili huu. Mashine hii hutoa chembe mara tatu ya kawaida, ile mara nane, nyingine huacha seli nyeupe, nyingine huziondoa, na wote huuza kwa jina moja. Marekani mgonjwa hulipa mara nyingi kati ya dola 500 na 2,000 kwa mara moja. Hapa kwetu mashine za kuzungusha damu zimo katika maabara za hospitali, ila mashine iliyowekwa kwa ajili ya kupima damu si sawa na mashine ya kutengeneza dawa ya kurudishwa mwilini. Na damu ya mtu mmoja ikichanganywa kwa kosa la karatasi na ya mwingine, katika mji ulioandika mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola Julai 2019, na wenye virusi vya UKIMWI na homa ya ini kama miji mingine, kosa hilo haliombewi radhi. Kisha kuna umeme, ambao hata baada ya kituo cha umeme wa maji cha Matebe, cha Hifadhi ya Virunga, kuanza kutoa nuru mwaka 2015 bado hukatika, na ambao ulikatika kwa siku nyingi mji ulipotekwa Januari 2025.

Seli shina sina haja ya kuzizungumza sana. Huchotwa katika mafuta ya tumbo au katika uboho wa nyonga, ahadi yake ndiyo kubwa kuliko zote na bei yake ni maelfu ya dola, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba haijaidhinisha bidhaa yoyote ya namna hiyo kwa yabisi ya viungo. Mwishoni mwa mwaka 2018 wakuu wa afya wa nchi hiyo walitangaza kwamba watu 12 katika majimbo ya Texas, Arizona na Florida walilazwa kwa uambukizo wa bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu. Ikiwa hilo linatokea penye wakaguzi, atakayeahidiwa seli shina penye wakaguzi wachache na ashike mfuko wake kwa mikono miwili, hata kama gumba linauma.

Chuo cha Marekani cha Magonjwa ya Yabisi kilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 kilishauri, kwa goti na nyonga, dhidi ya sindano za sukari kwa upole, na dhidi ya utegili na seli shina kwa nguvu. Nao wenzao wa Ulaya, katika mwongozo wa mkono wa mwaka 2018, walianza na mafunzo, mazoezi, gango na dawa ya kupaka, na hata kotisoni walisema kwa kawaida isitumike kiungoni. Inasikitisha kidogo, na inafurahisha kidogo, kuona kwamba jawabu la wataalamu wa ulimwengu wenye mali linaanza na vitu ambavyo Goma inavyo.

Lakini kabla ya kuvifikia vitu hivyo, tusiyadharau maji ya chumvi. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2008 wagonjwa 60 wa shina la gumba walichomwa ama kotisoni, ama ute wa viungo unaotengenezwa viwandani, ama maji ya chumvi, na makundi yote matatu yalipata nafuu kwa kiasi bila ya moja kulishinda jingine kwa dhahiri. Wengine husema huu ni udanganyifu wa akili. Mimi naona ni zaidi ya hapo: maradhi haya huja na kwenda, mtu humwendea daktari siku yake mbaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kwa kawaida huja siku afadhali, iwe amechomwa au hakuchomwa, tena mtu aliyesikilizwa, akashikwa mkono na kuelezwa kwamba ugonjwa wake si wa kufikirika, hulala vizuri. Kila anayeuza sindano ya kufufua anauza pamoja nayo nafuu hii ya bure, na hakuna ankara inayoitenganisha.

Hali ya hospitali za Goma yenyewe inatulazimisha kuwa wakadirifu. HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa jina la DOCS na daktari wa upasuaji wa mifupa Kasereka Lusi na mkewe Lyn, iliharibiwa sehemu kubwa na lava ya 2002 ikajengwa upya. Hospitali ya CBCA Ndosho, pamoja na madaktari wa Msalaba Mwekundu, ilipokea katika siku chache za Januari 2025 mamia ya majeruhi wa risasi na mabomu. Baada ya siku hizo mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na fedha ikawa ya kuvukiwa mpaka. Ni nani atakayelaumu chumba cha upasuaji kikiliweka gumba mwisho wa msururu? Na upasuaji upo, wa kukiondoa kile kijifupa chenye tandiko, uliotangazwa na Gervis wa Uingereza mwaka 1949 na ambao hata leo haujashindwa waziwazi na ule wa madoido uliobuniwa baadaye. Ni wa mtu aliyemaliza njia nyingine zote, na unadai miezi ya mkono kupumzika, ambayo mvunja mawe hana.

Kwa hiyo njia ya kwanza ni gango. Kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja, hapa Goma, kina mafundi wa miguu na mikono ya bandia wanaoweza kulitengeneza gango la gumba kwa vifaa walivyo navyo. Ushahidi wake haukubaliani: Wafaransa, mwaka 2009, waliwapa gango la usiku baadhi ya wagonjwa kati ya watu 112 na baada ya mwaka maumivu yao yakapungua kuliko ya wenzao, lakini Waingereza, katika jaribio la watu 349 lililotolewa mwaka 2021, hawakuona gango likiongeza kitu juu ya mafunzo na mazoezi. Hukumu yangu ni kwamba gango la usiku halina hasara kubwa ya fedha wala ya mwili, na linalojaribiwa kwa miezi mitatu likashindwa huachwa bila majuto. Pamoja nalo kuna mazoezi ya kuukaza ule msuli ulio baina ya gumba na kidole cha shahada, ambao ukiwa na nguvu hulivuta shina la gumba likakaa mahali pake; kuna dawa ya kupaka ya diklofenaki, ambayo haigusi tumbo kama vidonge vyake; na kuna kubadili kazi kidogo, mpini wa nyundo ukafungwa kitambaa uwe mnene, usukani wa chukudu ukavishwa mpira, nguo zikakamuliwa kwa kuzungushwa kwenye mti badala ya kusokotwa mkononi. Hayo hayana jina la kuvutia, na nadhani ndiyo maana hayasambai kwa simu.

Aliyeyapitia hayo kwa uaminifu na bado anaumia, huyo ndiye anayestahiki sindano, na kwake yeye ningeitanguliza glukozi mbele ya utegili, si kwa kuwa nina yakini nayo, bali kwa kuwa ushahidi wake kwa gumba si dhaifu kuliko wa utegili, hatari yake ni ndogo, na bei yake haimfilisi mtu. Kotisoni ningeiweka kwa siku za dhiki kubwa, mara moja, mbili kwa shida, kwa mtu asiye na kisukari wala uambukizo. Utegili ningemwachia mwenye fedha za kupoteza na hospitali yenye chumba safi. Seli shina ningezikataa.

Nina ombi moja kwa madaktari wa mifupa, na kwa vyuo vya tiba vya mji huu, Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL). Jaribio la kulinganisha glukozi na maji ya chumvi katika shina la gumba halihitaji mashine ya kuzungusha damu wala ndege ya mizigo. Linahitaji wagonjwa mia moja au mia mbili, ambao Birere na Kibumba zinaweza kuwatoa kabla ya msimu mmoja wa viazi kwisha, daktari mwenye mkono hodari, kadi za kuandikia kiwango cha maumivu kabla ya sindano na mwezi wa sita baada yake, na ujasiri wa kutangaza matokeo hata yakiwa kinyume na matarajio. Wagonjwa nao, kabla ya kulipia sindano yoyote, kwa Goma au nje yake, na waulize mambo matatu: kilichomo ndani ni nini, kimelinganishwa na maji ya chumvi katika gumba la watu wangapi, na nani atawajibika kiungo kikitunga usaha.